Namna ya kuchagua mfumo wa simu za intaneti kwa biashara yako Mwanza

"Simu za intaneti za ofisini ni shilingi ngapi?" Swali hilo linanifikia kila mara: kwa wenye maduka ya vifaa vya ujenzi Igoma, zahanati za Buzuruga, ofisi za tiketi Nyegezi, hadi wafanyabiashara wa samaki Kirumba. Nami huuliza kwanza: intaneti yako huwaje saa nane mchana? Na umeme ukikatika, nini kinabaki kinawaka? Mwenye majibu ya hayo mawili ameshamaliza nusu ya kazi. Asiyekuwa nayo, hata akifungiwa mfumo wa mamilioni, wiki ya kwanza tu wateja watamwambia "haloo, haloo, sauti inakatika", na zile simu za zamani zitarudi mezani.

Mwongozo huu ni kwa biashara ndogo na za kati, tuseme kuanzia watu watatu hadi arobaini, zilizoko Mwanza mjini au miji mingine ya ukanda wa ziwa. Nauandikia mtu anayeanza.

Nadharia ni hii tu: simu ya intaneti, ambayo mafundi huiita VoIP, hukatakata sauti kuwa vipande vidogo vya data viitwavyo paketi, na kuvipitisha kwenye intaneti ileile unayofungulia barua pepe. Utaratibu ambao simu hutumia kuitana na kupokeana unaitwa SIP. Swichibodi, yaani mtambo wa kugawa simu za ofisi, iliyokuwa kabati ukutani sasa ni programu ndani ya kompyuta, iwe ofisini kwako au mbali.

Unauhitaji kweli?

Kama uko peke yako dukani na simu moja, hapana. Laini moja ya biashara na WhatsApp Business vinakutosha, na fedha hiyo iongeze kwenye mtaji.

Unauhitaji pale wateja wanapolalamika namba yako iko bize muda wote, simu inapolazimika kuhama kutoka mapokezi kwenda stoo au kwa mhasibu, au unapokuwa na tawi la pili Sengerema, Musoma au Bukoba. Ipo sababu nyingine ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi: wafanyakazi wako wanaongea na wateja kwa namba zao binafsi. Siku kijana wa mauzo akiacha kazi, anaondoka na wateja wote ndani ya simu yake. Kwa mfumo wa ofisi, namba inabaki ya ofisi, na rekodi ya nani alipiga lini inabaki kwako.

Andaa haya kabla hujamwita fundi

- Daftari la kuandikia simu kwa wiki moja.
- Orodha ya watu wanaohitaji simu mezani, na wanaoweza kutumia programu ya simu kwenye simu janja zao.
- Mchoro wa ofisi wa mkono tu: meza ziko wapi, ruta iko wapi, soketi za umeme ziko wapi.
- Nyaraka za biashara: cheti cha usajili, TIN, leseni ya biashara.
- Neno la siri la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta. Wengi hawanalo, liko kwa fundi aliyefunga intaneti. Lidai mapema.
- Kiasi unacholipa kwa mwezi sasa hivi kwa vocha, bando na intaneti. Bila hicho hutajua kama mfumo mpya umekupunguzia gharama au umekuongezea.

Hatua kwa hatua

1. Hesabu simu zinazopigwa kwa wakati mmoja

Watu hununua kwa kuhesabu meza. Ofisi ya watu kumi inaweza isiwe na simu zaidi ya tatu zinazoongea kwa pamoja. Kwa wiki moja, kila simu inayoingia au kutoka iandikwe: saa iliyoanza, saa iliyoisha, nani alipokea, ilihamishwa kwa nani. Mwisho wa wiki tafuta saa iliyobana kuliko zote. Idadi ya simu zilizogongana saa hiyo, ongeza mbili, ndiyo idadi ya chaneli, yaani njia za simu zinazoweza kuongea kwa pamoja, utakazoomba kwa mtoa huduma.

Saa hiyo hutofautiana na kazi. Anayeuza samaki au dagaa, msongamano ni alfajiri na asubuhi, bei zinapopangwa. Ofisi ya tiketi hubanwa jioni na kuelekea sikukuu. Kampuni ya ujenzi hubanwa Jumatatu. Ukihesabu wiki ya kawaida huku biashara yako inategemea msimu, ongeza chaneli mbili nyingine.

2. Amua wateja watapiga namba gani

Fanya uamuzi huu kabla ya kugusa vifaa. Una njia tatu kubwa. Ya kwanza ni namba ya mezani yenye msimbo wa 028, ambao ndio wa Mwanza na mikoa jirani ya ziwa. Mteja akiiona anajua ni ofisi yenye makazi. Ya pili ni namba ya mkononi, na wateja wengi wameizoea hiyo. Ya tatu ni namba ya bure inayoanza na 0800, ambayo simu unailipia wewe. Hiyo waachie wenye kituo cha huduma kwa wateja.

Kumbuka mteja wako anapiga kwa bando. Muulize mtoa huduma kama dakika za bando za mitandao ya simu zinafika kwenye namba anayokupa. Kama hazifiki, mteja wa Magu atakata akiona salio linaliwa, na wala hutajua kwamba alipiga.

*Onyo:* namba isajiliwe kwa jina la kampuni, kwa nyaraka za kampuni. Nimeona ofisi ya usafirishaji ambayo namba yake, iliyoandikwa ubavuni mwa magari yote, ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha kijana aliyekwisha kuacha kazi. Kuirudisha kuliwachosha kuliko kupaka magari rangi upya. Mwenye laini za mkononi anaweza kupiga *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Fanya hivyo leo, na wafanyakazi wenye laini za ofisi wafanye pia.

3. Pima intaneti kwa wiki nzima, usipime mara moja

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Muuzaji atakuambia "una Mbps 20, inatosha". Inatosha kweli, kwa hesabu ya kasi. Simu moja kwa kodeki (namna ya kugeuza sauti kuwa data) ya kawaida ya G.711 inakula kama kbps 90 kwenda na 90 kurudi. Ukitenga kbps 100 kila upande, simu kumi kwa pamoja zinataka Mbps 1 kupanda na Mbps 1 kushuka. Kumbe kasi karibu kila mtu anayo. Kinachoua simu ni intaneti isiyotulia: paketi zinapotea njiani, au zinafika kwa mafungu, moja haraka na nyingine kwa kuchelewa. Video ya YouTube huvumilia hayo kwa sababu inajiwekea akiba mbele. Maongezi hayana akiba ya kutosha ya kusubiria.

Tumia viwango hivi:

- Paketi zinazopotea: chini ya asilimia 1.
- Ucheleweshaji: kipimo cha kimataifa cha ITU ni milisekunde 150 kwa upande mmoja. Kompyuta hupima kwenda na kurudi, kwa hiyo ukiona chini ya 200 uko salama, na ukiona zaidi ya 300 watu wataanza kukatishana maneno.
- Kuyumba kwa ucheleweshaji, ambako mafundi hukuita jita: chini ya milisekunde 30.

Kupima hakuhitaji mtaalamu. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo, usitumie Wi-Fi. Fungua dirisha la amri la Windows, andika ping -n 500 kisha anwani ya seva ya mtoa huduma unayemfikiria (mwombe akupe), ubonyeze Enter. Itachukua kama dakika nane. Mwisho utaona idadi ya zilizotumwa na zilizopotea. Zikipotea zaidi ya 5 kati ya 500, umevuka asilimia 1. Angalia pia muda mdogo kabisa na mkubwa kabisa: ukiona 28 na 35, vizuri sana; ukiona 28 na 640, sauti itakatika hata kama wastani unapendeza.

Rudia saa tatu asubuhi, saa nane mchana na saa kumi na moja jioni, kwa wiki nzima. Ikinyesha mvua kubwa, pima siku hiyo pia. Andika kwenye daftari lilelile. Karatasi hiyo ina nguvu kuliko maneno ya muuzaji yeyote, na ukienda nayo kwa kampuni ya intaneti kulalamika, wanakusikiliza.

Mambo matatu ya hapa kwetu. Kwanza, kama una kamera za CCTV zinazopeleka picha kwenye seva ya mbali, zinakula upande wa kupanda mchana kutwa, na huo ndio upande unaobeba sauti yako kwenda kwa mteja. Zima kamera kwa dakika kumi, pima tena, ulinganishe. Pili, intaneti ya masafa kutoka mnara hadi paa lako inahitaji njia ya wazi. Mwanza ni mji wa mawe. Nyumba moja Bugarika inaona mnara na jirani yake nyuma ya jabali haoni kitu. Usiamini kipimo cha jirani. Tatu, faiba ikifika mtaani kwako, ichukue hata kama ni ghali kidogo. Kwa sauti haina mpinzani, na radi haipiti ndani ya uzi wa kioo.

Kama intaneti yako ni ya bando la laini ya simu, jua kwamba saa moja ya maongezi kwa G.711 inakula kama MB 80, kwenda na kurudi. Kodeki ya G.729 inashusha hadi takribani MB 30, ila sauti inakuwa nyembamba kidogo.

4. Hesabu umeme

Simu ya zamani ya TTCL ilikuwa inapata umeme kwenye waya wake wenyewe, ndiyo maana iliita hata mtaa mzima ukiwa giza. Simu ya intaneti haina bahati hiyo. Umeme ukikata na ruta ikazima, ofisi haipo hewani.

Piga hesabu hivi. Ruta na kifaa cha faiba kama wati 20. Swichi ya PoE, yaani inayopeleka umeme kwenye simu kupitia kebo ya mtandao, pamoja na simu tano za mezani, kama wati 35. Kompyuta ndogo ya mfumo, ukiwa nayo, wati 15. Jumla wati 70. UPS ndogo ya dukani ya VA 650 kwa kawaida ina betri moja ya volti 12 na Ah 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi. Kwa kweli, ukiondoa kinachopotea, haifiki hata saa moja. Betri ya sola ya Ah 100 ina wati-saa 1,200. Kwa betri ya risasi tumia nusu tu ili isife mapema, ondoa na kinachopotea kwenye inveta, bado unapata saa saba hivi.

Simu za PoE zina faida kubwa hapa: unalinda sehemu moja tu, pale ilipo swichi, na simu zote zinabaki hai.

Radi isichukuliwe kirahisi kando ya ziwa hili. Weka kinga ya mruko wa umeme kwenye soketi, hakikisha eathi ya jengo inafanya kazi, na usipitishe kebo ya shaba nje kutoka jengo moja kwenda lingine. Kati ya majengo tumia faiba. Nimeona swichi na simu nane zimekufa usiku mmoja kwa sababu ya kebo moja iliyopita juu ya ua.

5. Chagua aina ya mfumo

Sasa ndipo unaweza kuchagua. Aina ni tatu.

*Mfumo wa seva ya mbali.* Mtoa huduma ana kila kitu, wewe una simu na intaneti tu. Unalipa kwa mwezi kwa kila mtumiaji. Ni rahisi kuanza, ni rahisi kuongeza tawi, na huhitaji fundi wa kudumu. Udhaifu wake ni kwamba intaneti ikikatika, hata simu ya kutoka mapokezi kwenda ghorofa ya juu haiendi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu na intaneti ikazorota nchini kote. Kwa siku kama hiyo, mfumo ambao seva yake iko Ulaya na ule ambao seva yake iko Dar es Salaam si kitu kimoja. Uliza seva iko wapi.

*Mfumo wa ofisini kwako.* Kompyuta ndogo inawekwa ofisini na kuwekewa programu ya swichibodi. Iliyo maarufu ni Asterisk, programu huria iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999, na FreePBX ambayo inaipa Asterisk kurasa za kubofya badala ya mafaili ya kuandika. Programu ni bure, lakini utalipia kompyuta, fundi na usalama wake. Simu za ndani zinaendelea hata intaneti ikifa. Kwa hoteli, shule, hospitali au kiwanda, ambako simu nyingi ni za chumba kwa chumba, ningechagua huu bila kusita.

*Mfumo wa mchanganyiko.* Unabaki na simu zako za zamani, unaziunganisha kwa adapta inayogeuza simu ya kawaida kuwa ya SIP. Ni daraja zuri kwa mwenye simu nyingi nzima ambazo hataki kuzitupa.

Hukumu yangu: ofisi ya watu watatu hadi kumi na tano, yenye faiba nzuri na isiyo na fundi, ichukue seva ya mbali iliyoko hapa nchini. Ikizidi hapo, au simu za ndani zikiwa nyingi kuliko za nje, weka mfumo ofisini.

Utasikia pia kuhusu kifaa kinachoingizwa laini za simu za mkononi na kuziunganisha na mfumo wa ofisi. Kinasaidia, lakini kabla ya kukinunua pata kibali cha kampuni ya simu na uulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini. Kutumia vifaa hivyo kupitisha simu za watu wengine kutoka nje ya nchi ni kosa la jinai, na wapo waliofikishwa mahakamani kwa hilo.

6. Mhoji muuzaji

Mpe maswali haya kwa maandishi, na udai majibu yake pia kwa maandishi:

- Una leseni ya TCRA, au unauza kwa niaba ya nani? Thibitisha mwenyewe kwenye orodha ya TCRA.
- Namba ni ya nani? Nikihama, naondoka nayo?
- Bei ya dakika kwenda kila mtandao wa ndani ni ipi, na mnahesabu kwa sekunde au kwa dakika nzima? VAT imo ndani?
- Nikipiga 112 au 114, simu inafika?
- Kifaa kikifa Jumamosi, nani ananijia Mwanza? "Tutatuma fundi kutoka Dar" si jibu.
- Mkataba ni wa muda gani, na nikitaka kuuvunja nalipa nini?
- Simu mnazoniuzia zimefungwa kwenye mfumo wenu, au nitazitumia kwingine?

Swali la mwisho watu hulisahau. Simu zilizofungwa zinakugeuza mateka.

7. Jaribu kwa wiki mbili kabla ya kulipia zote

Omba simu mbili tu za majaribio. Moja iwe mapokezi, nyingine kwa mtu anayeongea sana. Usiguse namba ya zamani. Piga kwenda mitandao yote, pokea kutoka kwa mteja aliyeko Ukerewe na mwingine aliyeko Dar, hamisha simu kutoka meza hadi meza, kata umeme kwa makusudi. Muuzaji anayekataa majaribio, mwache.

8. Funga milango kabla ya kuwasha

Wezi wa simu za intaneti wanafanya kazi kwa roboti. Zinazunguka mtandaoni usiku kucha zikigonga mlango namba 5060 ambao SIP huutumia, na ekstensheni (namba fupi ya simu ya ndani) 101 yenye neno la siri 101 ndiyo ya kwanza kujaribiwa. Wakiingia, wanapiga namba za nje za gharama kubwa, mara nyingi Ijumaa usiku au sikukuu, na Jumatatu bili ni yako.

- Kila ekstensheni iwe na neno la siri refu, herufi 16 au zaidi, lisilofanana na la nyingine.
- Zuia simu za nje ya nchi kabisa. Anayehitaji Kenya au Uganda, mfungulie nchi hizo tu.
- Lipia kabla, weka salio dogo, na omba ujumbe salio likishuka ghafla.
- Mfumo wa ofisini usiuachie wazi kwa dunia nzima. Ruhusu anwani ya mtoa huduma pekee.
- Badilisha neno la siri la kiwandani kwenye kila simu ya mezani.

Ukiunganisha matawi kwa VPN, yaani njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti, kumbuka TCRA ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN kihalali watoe taarifa zake. Na ukirekodi maongezi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu: mwambie mpigaji mwanzoni kwamba simu inarekodiwa na kwa nini.

9. Andika salamu, halafu washa

Salamu iwe ya Kiswahili, sekunde 15, machaguo yasiyozidi matatu, na la mwisho liwe kuongea na mtu. Mvuvi wa Nansio anayetaka kujua bei ya sangara analipa kila sekunde anayosikiliza muziki wako. Rekodi kwa sauti ya mtu wa ofisini, chumba chenye mapazia, mchana mtulivu.

Hamisha namba kuu siku ya kazi nyepesi, asubuhi, fundi akiwepo. Usifanye Ijumaa jioni.

Makosa yanayojirudia

Kutumia Wi-Fi kwa simu za mezani. Vuta kebo.

Kununua simu za bei ya juu zenye skrini ya rangi kwa kila mtu. Mapokezi wapewe nzuri, wengine simu ya kawaida au hedseti na programu ya kompyuta.

Kukata laini ya zamani siku ileile mfumo mpya unapowashwa. Iache miezi miwili, ukiielekeza kwenye namba mpya.

Kuwa na intaneti mbili zinazopita njia moja. Kama ya akiba ni faiba kwenye nguzo zilezile, lori moja linaangusha zote. Akiba iwe ya aina nyingine: faiba na 4G ya kampuni tofauti.

Matatizo na tiba zake

*Mimi namsikia, yeye hanisikii.* Tatizo namba moja. Mara nyingi ni ruta yenye kipengele kiitwacho SIP ALG, kinachodai kusaidia na kumbe kinavuruga anwani ndani ya paketi. Kizime, washa ruta upya. Kisipokuwepo kwenye mipangilio, piga kwa kampuni ya intaneti wakuzimie.

*Simu inakatika yenyewe baada ya nusu dakika.* Ikiwa ni sekunde 30 hivi kila mara, ujumbe wa kuthibitisha kupokelewa haufiki upande wa pili. Chanzo ni kilekile: SIP ALG au mipangilio ya ruta.

*Sauti inakatika mchana, asubuhi ni safi.* Ofisi yako inashindana yenyewe. Angalia kamera, masasisho ya kompyuta, simu za wafanyakazi kwenye Wi-Fi. Weka kipaumbele cha sauti kwenye ruta. Ikiwa hata ofisi ikiwa tupu bado inakatika, rudi kwenye daftari la hatua ya 3 na upeleke kwa kampuni ya intaneti.

*Mwangwi.* Punguza sauti ya spika, badilisha hedseti. Mwangwi ukisikika kwenye namba moja tu unayopiga, tatizo liko upande wao.

*Nabonyeza namba kwenye menyu ya benki, haisikii.* Badilisha namna ya kutuma vibonyezo kuwa RFC 2833 kwenye simu na kwa mtoa huduma, pande zote mbili zilingane.

*Faksi haiendi.* Sauti hubanwa njiani, faksi haivumilii. Skani, tuma kwa barua pepe.

*Umeme umerudi lakini simu zinasema hazijasajiliwa.* Simu huwaka haraka kuliko ruta, zikaomba anwani kabla ya mtu wa kuzipa. Zima vyote, kisha washa kwa mpangilio: kifaa cha faiba, subiri taa ya intaneti iwe thabiti, ruta, subiri dakika mbili, kompyuta ya mfumo kama unayo, mwisho swichi ya simu. Andika mpangilio huo kwa kalamu nene, ubandike mlangoni mwa kabati la ruta, na umfundishe mlinzi na dada wa mapokezi, kwa sababu wao ndio watakaokuwepo umeme ukirudi.